Ombi Lililorudi Bila Kusomwa

Saa tatu asubuhi, Marlys Haugen anapima pembezoni mwa karatasi kwa rula ya mbao. Nusu inchi juu, nusu inchi chini, nusu inchi kila upande. Anaweka alama ya vema kwa penseli, analowesha kidole na kufunua ukurasa unaofuata.

Kompyuta ingeimaliza kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua, na yeye analijua hilo.

"Mwaka jana niliiamini kompyuta," anasema bila kuinua macho. "Mwaka huu naamini rula."

Leo ni siku ya mwisho. Ikifika saa kumi na moja jioni, mfumo wa mtandaoni wa mfuko wa afya ya umma unafungwa, na hakuna wa kumbembeleza. Ombi lina kurasa mia moja na arobaini. Za sayansi ni kumi na mbili tu; zilizobaki ni bajeti, wasifu wa watu, viapo na barua.

Marlys ana umri wa miaka hamsini na minane. Si daktari wala mwanahesabu. Ni karani wa ruzuku katika kikundi kidogo cha chuo kimoja mjini Duluth, Minnesota, kinachotumia hesabu na kompyuta kukisia surua, kifaduro au mafua yataelekea wapi kabla hayajafika. Mshahara wake, dola elfu arobaini na tatu kwa mwaka, unatoka kwenye ruzuku hizohizo anazoziomba. Safari hii wakiambulia patupu, kikundi kizima kinavunjwa.

"Watu wanadhani sayansi inaanzia maabara," anasema mkuu wa kikundi hicho, Dk. Leena Kangas, ambaye leo hatulii kitini hata dakika tano. "Inaanzia kwenye meza ya huyu mama."

"Na mwaka jana ikaishia hapohapo," anajibu Marlys. Leena anageukia dirishani.

Hadithi yenyewe ni fupi na inauma. Mfuko huo una sheria moja ambayo waombaji wote wanaijua: ndani ya kurasa za sayansi, usiweke anwani ya tovuti. Ukiiweka, unahesabiwa kuwa umepenyeza kurasa za ziada kwa mlango wa nyuma. Mwaka jana, kwenye ukurasa wa tisa, chini ya ramani ya mwenendo wa surua, kwa herufi ndogo, ilikuwepo anwani moja. Leena aliiweka ili wakaguzi waione ramani ikibadilika wiki hadi wiki. Marlys alilipitia ombi mara tatu. Alihesabu kurasa, akakagua ukubwa wa herufi, akajumlisha bajeti. Maelezo ya chini ya ramani hakuyasoma.

Siku ya tatu ombi likarudishwa.

"Kukataliwa nimezoea," anasema. "Kati ya maombi manane linapita moja, na mimi nimekataliwa miaka kumi na saba. Lakini unakataliwa umesomwa. Hili hawakulisoma. Hata jina la ugonjwa hawakulifikia."

Kilichofuata hakikuwa na haraka. Vijana wawili wa hesabu waliondoka, mmoja wao akaenda kampuni ya bima kukisia ajali za magari. Novemba, programu ya kuchora ramani ikazimwa. Februari, surua ikaingia kaunti ya jirani.

Muuguzi mkuu wa kaunti hiyo ni Bernadette Defoe. Kwa miaka sita, kila Jumatatu, alikuwa akipokea ramani kutoka kwa Leena ikimwonyesha shule za kuanza nazo. Februari hiyo hakuwa na ramani. Alikuwa na wachanjaji wanne na gari moja, akawapeleka mjini kwenye watu wengi, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Kumbe surua ilikuwa katika shule tatu ndogo za huko misituni, ambako nusu ya watoto hawakuwa wamechanjwa.

Watoto arobaini na mmoja waliugua. Mmoja alifariki. Alikuwa na miezi saba, bado hajafikisha umri wa kuchanjwa, na aliambukizwa nyumbani.

Je, ramani ingemwokoa? "Kazi yangu ni kukisia," anasema Leena. "Hilo sithubutu kulikisia."

Marlys hajipi nafasi hiyo ya kutojua. Siku ya mazishi alipika kuku na wali wa mchele-pori unaoota ziwani, akaipeleka sinia jikoni mwa kanisa, akaiweka pamoja na za wenzake, kisha akatokea mlango wa nyuma. Ukumbini hakukanyaga. Anasema aliwaona wafiwa kupitia upenyo wa mlango, akarudi nyuma.

"Kila mtu ananiambia si kosa lako, ni surua," anasema. "Wananipenda, ndiyo maana wanasema hivyo. Mimi ule ukurasa wa tisa ninao nyumbani. Nausoma."

Saa nane mchana kinachosubiriwa ni kitu kimoja tu: barua ya kaunti ya kuunga mkono ombi. Bila barua hiyo ombi halijakamilika, na ombi lisilokamilika linarudi lilikotoka.

Hapa kuna desturi ambayo wenye kazi hii hawaisemi hadharani. Barua ya kuunga mkono huandikwa na mwombaji mwenyewe, na mwenye cheo hutia sahihi tu. Marlys amekwisha kuandika kwa kinywa cha mameya, wakurugenzi wa hospitali na askofu mmoja. Kwa Bernadette alituma ile ya siku zote, inayoanza na "Kwa furaha kubwa naunga mkono."

Bernadette haitumi kwa barua pepe. Anaingia mwenyewe, viatu vimejaa tope la theluji, na karatasi mbili mkononi.

"Wee Marlys," anasema kabla hajaketi, "hii furaha kubwa umeitoa wapi?"

"Ni maneno ya barua tu, dada."

"Basi barua yangu haina furaha. Nimeandika nyingine."

Marlys anaisoma kwa sauti. Haijai hata ukurasa. "Februari niliwapeleka wachanjaji mahali pasipostahili. Miaka sita nilikuwa na ramani. Mwaka huu sikuwa nayo, kwa sababu ombi la mwaka jana lilirudishwa bila kusomwa kwa sababu ya anwani ya tovuti isiyoruhusiwa ambayo hakuna aliyeiondoa. Mtoto mmoja amefariki. Sijui kama ramani ingemwokoa. Ninachojua ni kwamba nilikisia peke yangu, na nilikosea."

Leena anaipokonya na kuisoma tena kimyakimya. "Bernie, huu mstari wa anwani unatumaliza. Wakaguzi watatuona wazembe."

"Kwani hamkuwa wazembe?"

"Dada, tafadhali," Leena anamsihi. "Nakuomba mstari mmoja tu utoke."

"Mimi nimejificha? Nimeandika nilikosea, kwa jina langu na cheo changu. Bosi wangu ataisoma hiyo. Nyinyi mnataka mtoto aingie kwenye ombi lenu na kosa lenu libaki nje. Iende yote, au narudi nayo nyumbani."

Leena anamgeukia karani wake. "Wewe ndiye unayebonyeza kitufe cha kutuma. Unasemaje?"

Marlys ana mengi ya kupoteza. Mumewe, Gordy, ana kisukari, na bima ya matibabu ya nyumba nzima inatokana na kazi hii. Anaishika rula, anaiweka juu ya barua ya Bernadette na kuanza kupima pembezoni.

"Mpaka hiyo unaipima?" Bernadette anashindwa kujizuia, anacheka.

"Siku hizi napima kila kitu." Anamaliza upande wa nne. "Nusu inchi. Inapita."

"Marlys," anasema Leena.

"Daktari, nimeandika uongo mzuri miaka kumi na saba, na wewe umeusifu. Leo kaja mtu na ya kweli, halafu tuikate? Mimi siwezi. Tafuta mwingine abonyeze."

Leena anatulia kitini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Saa tisa na dakika arobaini, Marlys anabonyeza.

Siku nne baadaye unakuja ujumbe wa mistari miwili: ombi limepita ukaguzi wa awali na limekabidhiwa kwa wasomaji. Marlys anausoma akiwa amesimama, kisha anaenda msalani na kufungulia bomba ili wenzake wasimsikie akilia.

Furaha ni hiyo tu. Jibu litatoka Novemba. Mishahara inakoma tarehe thelathini Juni. Leena ameshaanza kuwaandikia rafiki zake kutafuta kazi, na bado anaamini kwamba barua ile imewachimbia kaburi. Huenda yuko sahihi.

Shule zinafunguliwa Septemba, kukiwa hakuna ramani. Kwa hiyo Marlys amejiandikisha kwa Bernadette kama mtu wa kujitolea. Kuanzia Agosti atapita na wachanjaji nyumba kwa nyumba katika vijiji vya zile shule tatu, akiandika majina na kubeba masanduku ya barafu.

Bernadette alimwonya kwamba huko kuna watu watakaomfungia mlango usoni, na kwamba kwenye orodha kuna nyumba moja yenye msichana wa miaka minne anayedaiwa dozi ya pili. Ni dada wa yule mtoto mchanga. Wachanjaji wamekwisha kwenda mara mbili, mama yao hakufungua.

"Hiyo niachieni mimi," Marlys alimwambia.

Mwandishi wa habari hii anapomuuliza atamwambia nini mama huyo, anaisogeza rula kando.

"Nitamwambia mimi ni nani na nilifanya nini," anasema. "Halafu nitasimama palepale mlangoni. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Ila kwanza mtoto achanjwe."