Spika ya Redio ya Baba

Nakiri mwenyewe, kwa sababu nisipokiri mimi yuko mtu wa mtaani kwetu Mtongwe atakayenisemea, tena atie chumvi: ni kweli, mimi ndiye niliyewafanya majirani wachinje mbuzi wa Idi na kesho yake ni saumu. Sikukusudia. Wallahi nilikuwa nataka kucheza mchezo tu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami ni karani wa kuhesabu mizigo bandarini, sina mke, sina mtoto, nina chumba changu cha mabati uani kwa baba na tamaa moja kichwani: kompyuta ya kuchezea michezo. Nilikuwa nimeuona mchezo mmoja wa vita vya manowari kwenye ofisi ya meli, meli zinapigana kwa mizinga na moshi unapaa, na tangu siku hiyo sikulala vizuri. Mpya sikuiweza, hilo halikuwa na mjadala, kwa hiyo nikaenda Changamwe kwa rafiki yangu Katana, fundi wa redio, ambaye alikuwa na maboksi ya vipande vya kompyuta kuukuu kutoka Dubai, uchague mwenyewe, uunge mwenyewe, na ikikulipukia ni mwenyewe.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na akili haikunirudia mpaka Idi ilipopita. Katana aliniambia nisiangalie kitu kingine ila prosesa, ndiyo akili ya mashine. Mteja wake mmoja aliyekuwa amekaa pale akadakia kwamba prosesa bila memori ni bure. Mwingine (hata simjui, alileta pasi itengenezwe) akasema nyote hamjui kitu, mchezo ni kadi ya picha, bila hiyo manowari utaziona vivuli tu. Nikawa nageuza shingo huku na huku, nashika kipande hiki narudisha, nashika kile narudisha, mwisho nikachukua kidogo cha kila mmoja ili nisimuudhi mtu, na mfuko ukabaki na nafasi ya kitu kimoja tu: kadi ya picha au spika.

"Chukua kadi," Katana akasema. "Spika si shida. Hata ya redio yafaa, unaunga nyaya mbili tu."

Maneno hayo, jamani! Nyaya mbili tu!

Sasa lazima niwaeleze habari ya redio ya nyumbani kwetu. Baba yangu, Mzee Mwinyi, alikuwa muadhini wa msikiti wetu mdogo, na alikuwa na redio kubwa ya mbao yenye sauti ya kufika njia panda. Redio nyingine zilikuwako mtaani, lakini habari ya mwezi ilisikilizwa kwetu tu. Kila mwaka, Ramadhani ikifika siku ya ishirini na tisa, baba hufuturu, huswali magharibi, kisha huitoa redio barazani, na wanaume hukaa pale kungoja kuambiwa kama mwezi umeandama. Ukitangazwa, baba huondoka taratibu, huenda msikitini kufungua kipaza sauti, na takbira yake ndiyo Idi yetu. Hajapata kukosea hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa jina lake. Hakuwa na shamba kubwa wala nyumba ya ghorofa, alikuwa mtu ambaye akisema ni Idi, ni Idi.

Na mimi, siku hiyo hiyo ya ishirini na tisa, asubuhi, baba yuko msikitini, nilifungua mgongo wa redio ile nikatoa spika.

Msinicheke bado. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: naunga kompyuta, najaribu, mpaka adhuhuri spika imerudi, nani atajua? Lakini mashine haikuwaka. Nilibonyeza, ikalia tiii, ikanyamaza. Nikachomoa memori nikarudisha, tiii. Nikageuza nyaya, sasa hata tiii hakuna. Nikafungua kasha mara nane, na saumu, na joto la mabati, adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, parafujo moja ikanipotea chini ya kitanda, na mimi naongea na mashine peke yangu kama mwendawazimu. Adhana ya magharibi ikanikuta nimekaa chini katikati ya vipande. Nikafuturu tende tatu na maji, nikaswali haraka haraka, nikasema sasa basi, nachukua spika niirudishe.

Nikaishika ile spika. Kisha nikasema, nijaribu mara moja tu, ya mwisho.

Ikawaka! Kioo kikajaa bahari, manowari zikatokea, nami kwa furaha nikaongeza sauti mpaka mwisho nikafyatua mzinga wa kwanza. *Buuum!* Mabati yakatikisika, vumbi likashuka.

Nyuma ya dirisha langu ndipo jikoni kwa Bi Mwanasha, mama mtu mzima aliyezaliwa Mji wa Kale, ambaye masikio yake yalikuwa yanasikia mambo makubwa tu. Kila Ramadhani alituhadithia kwamba utotoni mwake Idi ilitangazwa kwa mzinga. Nikamsikia anapaza sauti, "Mzinga huo! Naujua! Mwezi umeandama!" na kigelegele juu yake.

Watoto wakakipokea, wanawake wa nyumba ya pili wakajibu kwa vigelegele, na mimi ndani (mnaona ujinga ulipofika) nikafikiri, kumbe mwezi umetangazwa! Alhamdulillahi! Haikunijia hata kidogo kwamba mzinga wenyewe ulikuwa wangu. Nikafungua dirisha nikampigia kelele, "Idi mubaraka, Bi Mwanasha!" Naye akaniitikia, "Nawe pia, baba!" Basi nami kwa kusherehekea nikafyatua mizinga mingine mitatu. Wao wakazidi kushangilia kwa sababu ya mizinga yangu, nami nikazidi kupiga kwa sababu ya shangwe zao.

Kule barazani, mbele ya nyumba, baba alikuwa anazungusha vifundo vya redio. Taa yake inawaka, sauti haitoki. Walionihadithia wanasema jasho lilimtoka. Watu wakaja mbio, "Mzee Mwinyi, mwezi umeandama!" Akauliza, "Mmesikia wapi?" Wakamwambia, mzinga umelia, mtaa mzima umesikia. Baba akatikisa kichwa, akasema yeye hajasikia tangazo. Na wakati huo huo mimi nikapiga ule wa nne. Akasimama kidogo, akaitazama redio yake, akaondoka kwenda msikitini.

Nilipoisikia takbira ya baba nikatokwa na machozi ya furaha. Idi, na kompyuta, siku moja!

Nikatoka kupongezana na watu. Mbuzi wawili walikwisha chinjwa, sufuria za pilau ziko motoni, wasichana wametiwa hina, hakuna aliyekumbuka tarawehe. Ndipo akaingia Ami Bakari, ndugu yake baba, ametoka Timbwani, ana redio ndogo ya betri mkononi.

"Mwasherehekea nini nyinyi?" akauliza. "Nimesikia kwa masikio yangu, mwezi haukuonekana. Kesho twafunga."

Watu wakaanza kuulizana nani kasema. Huyu akamtaja yule, yule akawataja watoto, watoto wakamtaja Bi Mwanasha, naye mwiko bado mkononi akasema yeye hakusema, mzinga ndio uliosema, tena ulitokea pale, akaelekeza mwiko kwenye mabati yangu. Mpaka hapo mimi nilikuwa bado nageuka nyuma kutazama nani anaishi huko.

Baba akaingia chumbani mwangu, nami nyuma yake. Akaona bahari kwenye kioo, na sakafuni akaiona spika yake, ina kitambaa chake cha rangi ya majani kilichoshonwa na marehemu mama. Hakunipiga. Alisema tu, "Irudishe," akatoka, na baada ya muda nikamsikia kwenye kipaza sauti, sauti haina nguvu:

"Ndugu zangu, kesho ni saumu. Kosa limetoka nyumbani kwangu. Nisameheni."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Ningetukanwa mimi ingekuwa nafuu. Yeye ndiye aliyeomba radhi, na hakuwa na kosa.

Daku ya mwaka ule ilikuwa pilau. Kesho yake kutwa nzima sikutazamwa usoni ila na watoto, walionipa jina la Mzinga nililo nalo mpaka leo. Magharibi ikaingia, siku thelathini zikatimia, Idi sasa haihitaji tangazo la mtu. Nilikuwa nimejifungia chumbani, baba akagonga, amevaa kanzu nyeupe.

"Suleimani."

"Naam, baba."

"Wapigie mzinga wako. Leo ni kweli."

Nikafikiri ananitania. Hakuwa anatania. Nikawasha mashine, nikafyatua, kimya. Moshi unapaa kwenye kioo, sauti hakuna, kwa sababu spika niliirudisha kama nilivyoamriwa. Baba akazitazama nyaya zinazoning'inia, akatoka, akarudi ameikumbatia redio yake na bisibisi mkononi.

"Fungua," akasema.

*Buuum!*

Nje hakuna kigelegele hata kimoja. Kisha Bi Mwanasha akajibu kutoka jikoni kwake, "Hatudanganyiki tena, we Mzinga! Twamngoja baba yako!"

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho, akaenda msikitini, na kwa takbira yake wote wakatoka.

Kompyuta ile ilikufa miaka mingi iliyopita. Baba naye ametangulia mbele ya haki, redio ninayo mimi, nyuma ina parafujo moja pungufu. Tangu siku ile nikikosa kipande cha kitu changu nakaa bila hicho kipande, sifungui cha mtu. Na kila siku ya ishirini na tisa, mapema, kabla sijaitoa barazani, naiwasha kwanza nihakikishe inasema.