Talaka Ilisikiwa na Wote, Rujuu Hakuna Aliyeisikia

Kisa hiki kimetumwa na msomaji wetu wa Garissa. Jina lake tunalo, na litabaki kwetu.

Ndugu wasomaji, assalaam aleykum. Nilizaliwa mwaka wa sitini na tisa, kwa hiyo mwaka huu natimiza ishirini na saba. Nina mabinti wawili, tunaishi Galbet, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa. Nilitaka nianze kwa kuwaambia kama mimi ni mke wa mtu au nimeachwa, lakini hilo ndilo nisilolijua, na ndilo linaloniua.

Mume wangu anafanya biashara ya ngamia Mandera. Kwa miaka tisa alikuwa anakuja Garissa, anakaa wiki mbili, anaondoka. Mwaka jana akataka nihamie Mandera kwa mama yake. Nikamwambia watoto wako shule, asubiri kidogo. Akakasirika, akaondoka bila kuaga. Siku chache baadaye nikaitwa kwenye taar. Kwa nyinyi wa mbali, taar ni ile redio ya kuongelea: unakaa dukani kwa mwenye redio, unazungumza na mtu aliye mbali, ukimaliza unasema "ofa" ili naye ajibu, na kila aliyeketi kwenye benchi anasikia. Nilidhani anataka kuomba msamaha. Nikasema, "Nakusikia, ofa." Akasema, "Nimekupa talaka moja. Ofa." Basi, ofa! Miaka tisa ya ndoa. Mzee mmoja kwenye benchi akasema inna lillahi, na mwenye redio akaniuliza kama nitajibu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Jirani mmoja, mama mtu mzima, aliniambia niende kwa kadhi talaka iandikwe, nipewe cheti chenye tarehe. Nilimcheka. "Mama, mji mzima umesikia, karatasi ya nini?" Kwetu neno lililosikiwa na watu linatosha, hakuna anayekimbilia ofisi. Nikahamia kwa kaka, nikakaa eda yangu, twahara tatu, sikutoka nje ila kwa haja. Eda ikaisha kabla ya Ramadhani. Hakuna aliyekuja kunirudia, na mimi, nasema kweli, nilipumua.

Baada ya Idi bwana akatokea na wanaume wawili. "Funga mizigo," akasema. "Wewe ni mke wangu. Nilikurudia ndani ya eda, nikiwa Modogashe, Ijumaa ya pili ya Rajab, na hawa ndio mashahidi."

Nikamuuliza, "Talaka ilikuja kwa taar. Rujuu ilishindwa kupanda taar?"

Akasema redio ilikuwa mbovu. Mbovu Rajab, mbovu Shaabani, mbovu Ramadhani nzima!

Tukaenda kwa kadhi. Ni mtu mpole, alinisikiliza hadi mwisho. "Binti yangu," akasema, "mume akimrudia mke ndani ya eda hahitaji idhini yake, na kutoambiwa hakuivunji rujuu. Angekuja bila mashahidi, kiapo chako kingetosha. Lakini amewaleta. Una mtu wa kuwapinga?" Akanipa wiki mbili. Nilipokuwa natoka karani wake akaniambia kwa sauti ya chini, kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Abaayo, dada yangu, ungeandikisha ile talaka mabema, ungebata karatasi, na yeye angeambiwa rujuu bia aje aandike hapa." Maneno ya kweli, ila yamefika nikiwa nimeshachelewa. Dada zangu mnaosoma, ukiachwa, hata kama mwezini wamesikia, nenda ukaandikishe.

Mtu wa kuwapinga ninaye. Ijumaa ile, mmoja wa mashahidi wale, mzee mwenye ndevu za hina, hakuwa Modogashe. Alikuwa hapa Galbet, kwenye jamvi la kaka yangu, anakula wali nilioupika mimi. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu binti yangu mdogo alianguka akavunjika mkono, na mzee huyohuyo ndiye aliyemsomea dua. Wifi alikuwa kwao Wajir. Mwanamume mwingine aliyekuwepo ni kaka tu.

Nikamwambia kaka, "Walaal, ndugu yangu, njoo useme ulichokiona, basi."

Akavuta tasbihi yake. Halafu akasema, "Abaayo, nikimwita mzee yule mwongo mbele ya kadhi, nimeutukana ukoo wao wote. Ng'ombe wetu wanakunywa kwenye visima vyao, na kiangazi hiki unakiona. Wallahi usiniite. Rudi kwa mumeo."

Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Huku kwetu wakati wa kiangazi sina hakika. Nilimwangalia nikamwonea hasira, kisha nikamwonea huruma, maana hasemi uongo kuhusu visima. Baba yetu alikufa, yeye ndiye walii wangu, ndiye anayetulisha mimi na wanangu. Nikimpoteza, hata nikipata uhuru wangu nitaupeleka wapi?

Kesi ni Alhamisi. Lori la bwana linaondoka Jumapili, na mabinti wangu ameshawaambia wasirudishe vitabu vya shule kwenye begi. Najua nikilitaja jina la kaka, kadhi atamwita, na akiitwa lazima aende. Nimemwona akisali tangu nikiwa mdogo, sijawahi kumsikia akidanganya. Kila nikifikiria Alhamisi naona mkono wake juu ya msahafu, ananiangalia, halafu anasema kwamba mzee yule hakuwa kwetu siku ile. Na aliyemsimamisha pale ni mimi.

Jamani, nishaurini kabla ya Alhamisi. Nimtaje, au ninyamaze nipande lori?