Picha ya Nyonga ya Pelagia

Mimi Apolinaria nimefanya kazi chumba cha eksirei, hospitali moja hapa Tabora, miaka kumi na minne, na kosa langu kubwa lina jina: Pelagia.

Alikuja mwaka sabini na nne, wakati wa kuhamia vijijini. Aliletwa na mama mkwe wake kutoka upande wa Nzega. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori lililobeba vyombo vyao kwenda kijiji kipya cha ujamaa, na nyonga ilimuuma hata kusimama hawezi. Kazi yangu ilikuwa kuuliza kabla Bwana Anton, mpiga picha wetu, hajawasha mashine. Nikauliza pale pale, mkwewe kamshika mkono: "Mama, una mimba?"

Akatazama chini. "Sina."

Jamani, mimi ni Mnyamwezi. Kwetu mimba changa haitajwi, sembuse mbele ya mkwe. Mimba ya mwanangu Modest nilimficha hata mama mzazi mpaka tumbo likanisema lenyewe. Nilijua haya yote, nikauliza hivyo hivyo kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa na njaa. Bwana Anton akapiga picha tatu.

Miezi mitatu baadaye akarudi peke yake, tumbo limechomoza, analia. Kwenye kliniki ya wajawazito alikuwa amesikia kwamba mionzi ile hudhuru mtoto tumboni. Mimba mbili zilikwisha kumharibikia, na hii aliificha ili maneno ya watu yasiifikie. Badala ya kumpa kiti nikamfokea, "Mficha uchi hazai, hukusikia?" Kumwambia hivyo mtu aliyepoteza mbili. Mpaka leo naona aibu.

Daktari alimweleza taratibu: mionzi ya picha zile ni kidogo, watoto wengi huzaliwa salama, ila kuapa hawezi. Pelagia alisikia hilo la mwisho tu.

Akazaa binti, Eustadia, mzima, kilio chake kinasikika mpaka getini. Mama yake hakuamini. Kila homa, kila kikohozi, alipanda basi akamleta kwangu. Kwangu, si kwa daktari. Wenzake kijijini wakaanza shule, Eustadia akabaki nyumbani, eti kichwa chake hakitaweza.

Mwaka themanini na tatu walikuja tena, mtoto ana miaka minane. Alikuwa amebeba kapu la viazi vitamu kichwani tangu stendi, na kule wodini alihesabu vitanda vyote kwa sauti asikosee hata kimoja. Uvumilivu ukanishinda. "Pelagia, mtoto huyu mzima. Mpeleke shule, unamharibu mwenyewe."

Hakukasirika. Alikaza khanga yake, akaniangalia.

"Dada Apolinaria, ulimpiga picha hujui kama yumo. Leo umejuaje kama ni mzima?"

Akamshika binti yake mkono, wakarudi kwao.