Kelele za Stoo ya Alizeti

Tulikuwa mstarini asubuhi mwalimu wa zamu alipotangaza kwamba fundi redio wa Mkiwa amefariki kwa malaria. Kisha akaendelea na habari za soksi chafu. Wasomaji wangu wa gazeti hili la ukutani, wengi wenu mlimjua kama mtu wa kubadilisha betri. Mimi nilimjua kama mtu pekee wa Singida aliyepiga thrashi, ile roki ya magita yanayonguruma na mwimbaji anayebweka. Aliijulia kwenye kanda aliyoachiwa na dereva wa lori la kwenda Rwanda.

Alirekodi ya kwake kwenye stoo ya alizeti, kwa redio kaseti yake mwenyewe. Gita lilipitishwa kwenye spika iliyopasuka, ngoma zilikuwa madebe ya mafuta. Mpiga debe alitangulia, gita likamkimbiza kama abiria aliyeachwa na basi. Katikati ya wimbo wa pili jogoo anawika, marehemu anafoka, “Toeni kuku!” na wimbo unaendelea. Nyimbo za redioni zimefuliwa na kupigwa pasi. Huu ulikuja na matope miguuni, na ndiyo maana niliuamini. Mama yake alipousikia aliuliza, “Mwanangu, huyo anayeimba anaumwa wapi?”

“Haumwi, mama. Ana hasira.”

“Kakerwa na nani?”

“Soko huria.”

Maana tuliambiwa sasa kila mtu auze anachotaka. Akaipeleka kanda mjini kwa mwenye duka la muziki. Yule bwana alisikiliza kidogo, akaizima. “Kijana, mimi nauza muziki, siuzi ajali. Kinanda kiko wapi?” Uhuru wenyewe ndio huo: maduka kumi, kanda zilezile.

Nakala ilikuwa moja tu. Alikuwa ameivunja vile vipembe vya juu ili isirekodiwe tena. Msibani, kama kawaida yetu, ilitakiwa kurekodi kwaya na hotuba kwa ajili ya ndugu walio mbali. Mjomba wake akachukua redio ya marehemu, kanda ikiwa ndani, akaziba matundu ya vipembe kwa karatasi ili ikubali kurekodi tena.

“Shikamoo mjomba,” nikamwambia. “Hiyo ina muziki wake.”

“Marahaba. Zile kelele? Tunazika mtu hapa.”

“Ni sauti yake, mjomba. Haipo nyingine.”

“Kaa chini, mtoto.”

Akabonyeza. Upande wa kwanza ukaliwa na kwaya. Wa pili ungepona, ila yule mwenye duka la muziki alisimama kuhutubia, na hakujua kukaa. Nimeisikiliza kanda yote. “Tumepoteza kipaji,” anasema, juu ya kipaji chenyewe, mpaka mkanda unaisha.

Kwa hiyo mwenzako akipiga kelele zake kwa moyo wote, mwombe nakala leo, wakati bado anaweza kukutukana kwamba umechelewa.