Amplifaya ya Gitting na Waliokataa Kuijibia

Amplifaya ilinikamata mbele ya waumini wote wa Gitting. Nilikuwa nimeshika boksi lake la chuma kwa mkono wa kulia na maiki kwa mkono wa kushoto, umeme ukapita katikati yangu, vidole vikajikunja vikakataa kuachia. Kwaya iliendelea kuimba. Walidhani nacheza. Mama Neema wa sauti ya pili ndiye aliyepiga kelele, "Zima jenereta! Fundi anakufa!" Mumewe akakimbia nje akaizima. Nilipoanguka nilisikia harufu ya nyama inayoungua, na nyama yenyewe ilikuwa mimi.

Vijana wa mitambo ya harusi pale Katesh wameniomba niwaandikie jinsi kazi hii ilivyofanywa enzi zetu. Niliishia darasa la nne, mtanivumilia. Ila majina sitayaficha.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Mbulu mjini, kwa mzee tuliyemwita Fundi Mkuu. Alikuwa na spika mbili za tarumbeta, zile za bati zenye mdomo mpana zinazofungwa juu ya mti, na betri ya lori ya kuziendesha.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unajua kusikiliza?"

"Nasikia, mzee."

"Hata punda anasikia. Nimekuuliza kusikiliza."

Akanikalisha kutwa nzima bila kugusa hata waya. Jioni akaniuliza spika ipi inakoroma. Nikakosea, akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake nikapatia, ndipo akanipa bisibisi. Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: mtambo ukitoka safarini, uinue, uutikise taratibu, utege sikio. Kitu kikicheza ndani, usiwashe hata askofu akikuamuru.

Nilizunguka naye mikutano ya injili na minada, Bashay nyumbani kwetu na kwingine, miaka mingi. Alipochoka nikateremkia Katesh, kwenye duka la kutengeneza redio. Mwenye duka hilo hakujua kazi, alijua kununua. Zamani ukitaka transista, kile kipuri kidogo cha ndani ya redio, ulisubiri hadi ukasahau ulisubiri nini. Biashara ilipofunguliwa, vitu vilimiminika: kaseti, spika, mikisa, yaani kile kibao cha vitufe kinachochanganya sauti za maiki nyingi zitoke kama moja. Pamoja na vitu yakaja malori ya watu binafsi, kila moja limeandikwa maneno matakatifu mbele na halina breki nyuma.

Mkoa wa Manyara ulikuwa ndiyo kwanza umekatwa kutoka Arusha, na kila usharika ulitaka kwaya yake irekodi kaseti. Gitting wakaniajiri kuwa fundi mitambo wao. Waumini wakachanga ngano na mahindi, mjane mmoja akatoa fahali wake wa kulimia, tukaagiza amplifaya kubwa kutoka Arusha. Amplifaya ndiyo inayochukua sauti ndogo ya maiki na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Ilisafirishwa na kampuni ya Upepo wa Bonde.

Nilikwenda kuipokea Katesh na Katibu wa Usharika, Yona. Sanduku lilikuwa na picha ya glasi, maana yake kinavunjika, na mishale miwili ya kuonyesha upande wa juu. Mishale ilitazama chini. Karani wa mizigo, Elibariki, akasukuma karatasi mezani. "Saini hapa, wazee. Gari linaondoka."

"Ngoja kwanza nifungue," nikasema.

Yona akanikata jicho. "Ufungue wapi? Hapa sokoni, mbele ya walevi? Kitu cha madhabahu hakifunguliwi kabla hakijawekwa wakfu. Au wewe umekuwa mpagani?"

Elibariki akacheka. "Sikiliza katibu wako, fundi."

Ndivyo tulivyokuwa Gitting. Kengele, kitambaa cha meza, hata sufuria za kina mama vilisubiri mchungaji avibariki ndipo viguswe. Na mchungaji alihudumia mitaa mingi, kwetu alifika Jumapili ya tatu baada ya hapo. Yona akasaini: mzigo umepokelewa ukiwa mzima. Nyuma ya hati ile, kwa herufi za kama mayai ya chawa, iliandikwa kwamba malalamiko yaletwe ndani ya siku saba. Hakuna aliyeigeuza.

Tukalipandisha sanduku Gitting kwa mkokoteni wa punda juu ya nyasi kavu, nikitembea pembeni nimelishika. Likakaa chini ya madhabahu limefunikwa shuka jeupe.

Siku ya wakfu nikalifungua. Nikainua amplifaya, nikatikisa. Kitu kizito kikagonga ndani. Nikamnong'oneza Yona, "Hii imevunjika. Siiwashi."

"Wageni kutoka Babati wamekaa," akasema huku amebana meno. "Unataka nikawaambie fahali wa mjane amenunua sanduku? Washa."

Nikawasha. Hapo nilikosea, na nakiri. Nilikuwa na kanuni kichwani nikamwogopa mtu mwenye tai.

Nilipotoka hospitali niliifungua amplifaya kwa mkono wa kushoto. Transfoma, lile donge la chuma na waya wa shaba linalobadili nguvu ya umeme, ilikuwa imekata boliti zake zote nne na kulalia ubavu, waya wa moto umegusa boksi. Kona ya chini ilikuwa imebonyea, na ndani ya ufa kulikuwa na saruji iliyokwisha kuganda. Nikajua: walipakia mifuko ya saruji juu yake.

Mimi na Yona tukaenda Babati kwa Meneja wa Kanda wa kampuni, Bwana Ngasa, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Nikamwekea ile saruji mezani.

"Pole sana na mkono," akasema. "Lakini mmesaini. Na siku saba zimepita. Na punda wenu je? Punda hana springi."

"Punda habebi saruji, Bwana Meneja."

"Kanisa lenu halikujengwa kwa saruji?"

"Kwa tofali na udongo. Sakafu yetu ni udongo. Njoo upige magoti uone."

Akairudisha ile saruji upande wangu wa meza. "Leta shahidi," akasema.

Nikamleta. Nilimtafuta minadani mpaka nikampata utingo wa lori lile, Gidamis, mtoto wa wafugaji wa Hirbadaw. Hakuzunguka. "Nilimwambia karani sanduku hili lina picha ya glasi. Elibariki akaniambia, glasi ni ya wanywaji, weka saruji juu. Nitasema hivyo popote." Kwa neno hilo alipoteza kazi, akarudi kuchunga.

Tulipofika naye Babati, Ngasa akatoa karatasi kwenye droo. Ilikuwa na saini ya Yona na mhuri wa usharika: hatuna madai tena na kampuni. Yona alikuwa amekuja wiki moja kabla, peke yake. Mwezi huohuo mwanawe aliketi kwenye kiti cha ukarani Katesh, na Elibariki akapandishwa kwenda Arusha.

Nilirudi Gitting na nakala ya karatasi ile. Baraza la wazee halikuisoma. Wakasema fundi ameunguza mali ya Bwana kwa haraka zake, wakaniondoa. Mjane wa fahali alinipita njiani bila kunisalimu, nami sikumlaumu, ndivyo alivyoambiwa.

Huo ndio ukawa ustaafu wangu. Vidole viwili vya kulia havijui moto wala baridi, na sikio la upande huo lina mluzi usiokoma. Fundi asiyesikia ni nini? Nalima vitunguu saumu Bashay. Ninyi vijana, msisaini mzigo ambao hamjauona. Geuzeni hati, someni nyuma. Mwenye haraka ya kukusainisha anajua kilichomo ndani.

Lakini sikuandika ili kutoa mawaidha tu. Elibariki, ulipanga saruji. Ngasa, ulitaka shahidi, kumbe jibu ulikuwa nalo kwenye droo. Yona, wewe hadi leo unasoma matangazo Jumapili. Nakala ninayo, Gidamis yu hai, na mjane wa fahali bado analima kwa jembe la mkono. Jumapili moja, kabla ya matangazo, simama umtaje kwa jina, umweleze uliuza madai yake kwa nini. Mimi nitakuwa nimekaa mlangoni, nimekugeuzia sikio ambalo bado linasikia.