Mzee Aliyeuzwa Pamoja na Nyumba

Usije ukaniambia nilikuwa na homa. Sikuwa na homa, pombe sijawahi kugusa, na ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka. Cheka ukitaka, lakini yalinikuta mimi mwenyewe, pale Mbamba Bay, ziwani.

Ni miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa. Mimi ni mtu wa Litembo, kule milimani. Kahawa yangu niliuza vizuri misimu miwili, nikajiona nimefika. Nikasikia benki inanadi nyumba kule ziwani. Mwenyewe alikopa akanunue kahawa, bei ikaanguka, akafa hajarudisha mkopo. Nikapanga ninunue, nibadili mabati, nipige rangi, nimuuzie mwalimu mmoja wa kutoka Bukoba aliyekuwa anatafuta nyumba. Hela yangu yote iliingia pale. Yote, nakwambia!

Siku ya mnada wenyeji walijaa, lakini hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Nikadhani hawana hela. Kumbe walikuwa wanajua, wakaninyamazia mtu wa milimani. Dalali akasema nyumba inauzwa kama ilivyo, nami nikaitikia meno yote nje.

Nilipokwenda ofisi ya ardhi Mbinga kuhamisha hati, karani akafungua faili. Kodi ya kiwanja haijalipwa miaka tisa.

"Mdaini huyo aliyekuwa anakaa humo," nikasema.

"Mama, kinachodaiwa ni kiwanja. Bila kulipa yote, hati haihami, na kuuza huwezi."

Miaka tisa ya mwanamume nisiyemjua! Nikatoka nimefura, nikaapa silipi.

Kesho yake nikashuka ziwani kuwaangalia mafundi wangu wa mabati. Walikuwa wamekwenda kula. Barazani amekaa mzee, suti nyeusi joto lote lile, anayatazama mabati yangu mapya.

"Shikamoo, mzee."

Wewe umewahi kuona mzee wa huku akaiacha shikamoo ya mtu? Nikarudia. Hakuitikia, akauliza tu, "Umeshalipa?"

"Nilipe nini?"

"Miaka yangu tisa. Siwezi kuondoka nadaiwa."

Nikamuuliza yeye ni nani, akataja jina lile lile la kwenye faili. Niamini, jina la marehemu! Lakini hasira ikapanda kuliko woga. Nikamwambia, "Kahawa ilikushinda wewe, si mimi! Nimenunua nyumba, sikukununua wewe. Toka!"

Akanitazama kwa upole. "Dalali alisema kama ilivyo. Nami nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Mafundi waliporudi walimwona, wakakimbia, hata nyundo zao hawakuzifuata. Mwalimu naye alikuja mara moja tu, akasema atafikiria. Anafikiria mpaka leo.

Wanangu walinisihi nilipe tu yaishe. Padri akanisihi. Nikakataa katakata, kwa nini nibebe mzigo wa maiti? Nikahamia mle mwenyewe, nikawa kila mwaka nakwenda Mbinga kulipa mwaka mmoja, mwaka wangu. Tukakaa barazani, yeye upande wake, mimi wangu, hatusemeshani.

Mwaka wa tisa nimerudi na risiti, baraza tupu. Mzee hayupo. Nilishangilia peke yangu, nikaimba, kisha nikapanda tena Mbinga kudai hati yangu.

Karani akanionyesha faili. Hela wanayopokea hufuta kwanza mwaka wa nyuma kabisa. Miaka tisa yote niliyolipa ilikuwa ya mzee. Yangu mimi tangu mnada haijalipwa hata mmoja.

Nimezeeka sasa, na kifua hiki hakinipi muda mrefu. Unadhani nimelipa? Thubutu! Wamenionea mara moja, inatosha. Kwa hiyo nikishakufa, wakaja wakaiweka nyumba hii mnadani, na wewe ukanyoosha mkono, ujue utanikuta nimekaa barazani. Na mimi si mpole kama yule mzee.