Waya Mnene wa Bwana Spika

"Umezichomoa spika zake, mama? Kwa mkono wako mwenyewe?"

"Kwani ningeazima wa jirani? Nimechomoa, na mumeo akaendelea kutikisa kichwa kama anayefuata wimbo."

Mkwe wangu aliangusha mwiko. Tulikuwa jikoni, tunamsubiri mwanangu arudi kutoka kazini. Sebuleni ilikaa mitambo yake, iliyofanya mtaa mzima umwite Bwana Spika: runinga pana kama mlango wa ghala, spika kila pembe, na subufa, spika ya besi, ambayo ikinguruma, kuku wa jirani hutaga mayai yenye nyufa. Nyaya zilijaa sakafuni hadi panya wakawa wanaulizana njia. Asiyeniamini akawaulize panya.

Mwanangu aliendesha mashine ya kusaga nafaka tangu ndevu hazijamwota. Alikuwa akirudi mweupe kwa unga kama mzimu, ananawa, anajitupa kwenye kochi na kuanza kulalamika: sauti imefifia, waya huu mwembamba, unaimeza njiani. Anang'oa, anavuta mnene zaidi. Anaondoa spika ndogo, analeta kubwa. Hata mwezi hauishi, sauti imefifia tena. Waya wa mwisho ulikuwa mnene kama mkia wa ng'ombe.

Jana yake aliniita nikausikilize. Nami utundu haujaniisha. Nikapita nyuma ya kabati kama naokota ushungi, nikachomoa spika zote, nikaiacha subufa peke yake itetemeshe sakafu. Mwimbaji akakatika katikati ya neno.

"Unamsikia, mama?" akaniuliza, macho yanang'aa. "Kila neno! Waya ndio huo."

Nilikuwa nimekitayarisha kicheko. Nikakimeza. Mwanangu alikuwa anasikiliza kwa nyayo.

"Basi mwambie," nikamhimiza mkwe wangu.

"Mwambie wewe uliyemzaa."

"Mimi nilimzaa na masikio mazima. Yameharibikia kwako."

"Kwangu au kwenye ile mashine?" Akajifuta macho kwa kanga. "Akijua yeye, tajiri wake atajua. Nani atamwachia mashine mtu asiyesikia?"

Mimi niliyewahi kumshinda kasuku kwa ubishi nikainama kuokota mwiko. Maana mashine ile haiendeshwi kwa macho. Mkanda wake ukichoka hulia kwanza, kilio chembamba cha mtoto aliyebanwa na mlango, na anayeusikia huruka pembeni. Mwanangu mwenyewe alitufundisha, kwa majivuno, mezani: "Mkanda una adabu. Haukatiki bila kupiga hodi."

"Mama," mkwe wangu akanong'ona, "aliyekuwa kabla yake aliondoka na mkono mmoja."

"Najua. Ndiyo maana tunamwambia leo. Akifukuzwa na afukuzwe, tutakula majani na mbuzi. Akiingia tu, wewe umshike mkono, mimi nita..."

Mlango ukasukumwa.

Alisimama kizingitini na bunda la waya mpya begani, mnene kuliko yote. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga, na katikati ya ule unga ulipita mstari mwekundu, kutoka sikioni hadi kidevuni, unachuruzika mpaka kwenye ukosi wa shati.

"Mbona mnanitazama hivyo?" akasema kwa sauti kubwa, huku anacheka. "Mkanda umekatika. Na ajabu, mama, safari hii haukupiga hodi."